Kikaratasi Kilichonyonya Ufizi

Kiti cha kijiwe chao kilikuwa cha gari bovu, kimeegemezwa ukutani pembeni mwa kibanda cha kahawa, na waliokizoea walikuwa watatu: Spana, fundi magari, Wakili, ambaye mahakamani aliwahi kuingia kwa kesi yake mwenyewe tu, na Kufuli, mchonga funguo. Asubuhi hiyo Kufuli alifika amenuna. Bintiye alikuwa amefungwa nyaya za kunyoosha meno, na sasa ufizi umevimba, akipiga mswaki unatoka damu. Mkewe alisema wamsikilize daktari. Kufuli alitaka nyaya zitolewe siku hiyohiyo, na alikuja kutafuta wa kumuunga mkono.

— Jana daktari kachomeka kikaratasi chembamba kati ya jino na ufizi, akawaeleza. Kikanyonya majimaji. Kimepelekwa maabara.

— Wakatafute nini? Spana akauliza.

— Dalili. Anasema jino likisukumwa, ufizi nao unabadilika, na yale majimaji ndiyo yanayosema ukweli. Wajue uvimbe ni wa jino kusogea tu, au kuna uchafu umejificha chini ya waya.

— Majimaji! Wakili akaguna. Wangepima damu. Wahenga walishasema, damu nzito kuliko maji.

— Hiyo ni ya undugu, bwana, Kufuli akamkosoa.

— Kwani jino na ufizi si ndugu?

Spana akapuliza kahawa yake.

— Mimi naona wamekaza mno. Nati ukiikaza kupita kiasi, oili inavuja. Mtoto kakazwa huyo.

— Kuvuja ni afadhali, Wakili akasema. Ufizi utavimba ufunike meno, ufunike waya, mwisho mdomo ujifunge wenyewe kama zipu.

— Na waya ukishafunikwa, Spana akadakia, utaanza kushika redio. Mtoto amelala, mdomoni taarifa ya habari!

Wakacheka. Kufuli hakucheka, ile zipu ilikuwa imemkaa kichwani.

— Kwa hiyo nizitoe?

— Leo hii! Wakili akajibu. Haraka haraka haina baraka.

— Si ndiyo inasema nisubiri?

— Inategemea anayeharakishwa ni nani.

Mama mmoja aliyekuja kuchongesha ufunguo alikuwa amesimama kando akiwasikiliza.

— Samahani, kaka. Na mtoto mwenyewe anasemaje?

Spana akachungulia kikombe chake. Wakili akaagiza kahawa nyingine. Kufuli alikuwa amezungumza na daktari, na mkewe, na hawa wawili. Kwa bintiye alikuwa amesema tu: fungua mdomo nione.

Alimchongea yule mama ufunguo, akafunga kibanda chake cha funguo hapo jirani, akaenda nyumbani. Alimkuta binti mbele ya kioo, mswaki mkononi.

— Mwanangu, nikazitoe hizo nyaya?

— Zinauma, baba. Lakini usizitoe. Ukizitoa sasa, meno yatarudi yalikokuwa, na mimi nitarudi kucheka nimeziba mdomo.

Kufuli hakuwahi kujua kuwa alikuwa anauziba.

Majibu yalipokuja, yalisema ni uchafu. Daktari akamsafisha na kumfundisha kupitisha mswaki mdogo chini ya waya. Ufizi ukaanza kunywea, nyaya zikabaki. Kijiweni, Wakili alipouliza habari za redio, Kufuli alimjibu:

— Kamuulize mwenyewe.