Kwaya ya Otto Yaenda Vitani na Atila

Msiniambie habari za kusikia. Mimi nilikuwapo, kwenye ncha ya benchi, tako moja hewani. Benchi ni lile la kibanda cha Hilde, Gelsenkirchen, Ujerumani, mwaka wa sabini na tisa, mbele ya lango la mgodi wa makaa, ambapo wanaotoka zamu ya asubuhi humalizia ubishi wao kwa kahawa. Siku hiyo Otto Kwiatkowski alifika uso mweupe kama unga. Otto ndiye aliyeongoza kwaya ya wachimbaji, na Jumapili kwaya ilikuwa imwimbie askofu. Jana yake kwenye televisheni aliona watu wa disko, suruali za dhahabu, wakirukaruka na kumsifu Atila, yule mfalme wa wapanda farasi aliyeitetemesha Roma. Na nyuma yao, Mungu wangu, akaisikia kwaya yake ikinguruma.

— Ni sisi! Ile “haa-ya!” ni yetu, ya kusukuma behewa lililokwama!

— Lo! — Kikohozi akashika kifua. Jina alipewa na vumbi la mgodi. — Yule bwana wa Munich aliyekuja kuturekodi si alisema ni tangazo la sabuni?

— Sabuni! Alitulisha soseji, akatupigisha kelele asubuhi nzima, kumbe anatupeleka vitani na Atila.

— Niliwaambia mimi, — akadakia Profesa, ambaye ensaiklopidia yake iliishia herufi D. — Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Methali hiyo inaingiaje hapo?

— Itaingia tu, ipe muda. Atila alizikwa na hazina, kaburi halijulikani mpaka leo. Sasa wanawachezesha vijana nchi nzima. Sakafu itakapodidimia, hapo ndipo alipolala!

— Wewe nawe! — Kikohozi akamkatiza. — Ni Warusi hao. Vijana wakizoea kumshangilia mtu wa mashariki, siku vifaru vikija watavipigia makofi. Haraka haraka haina baraka!

— Na suruali za dhahabu?

— Ili zionekane kutoka angani, mjinga wee!

— Nyamazeni! — Otto akapiga benchi. — Paroko kanisimamisha mlangoni mwa kanisa. Sauti zetu zisipotoka kwenye uchafu ule, askofu hasikii hata noti moja. Maisha yangu yote nimeingoja Jumapili hii. Nampigia yule bwana azifute zote. Hilde, simu!

Hilde akaisogeza simu dirishani. Otto alikuwa ameshamaliza kuzungusha namba alipofika Bi Trude Przybilla, mjane wa Erwin, yule mwenye besi nene kuliko zote kwayani, tuliyemzika majuzi. Alifuata mkate, ila maneno ya kufuta alikuwa ameyasikia.

— Otto, jana nami nimeuona ule wimbo. Nikainuka niuzime. Halafu yule anayenguruma mwanzo kabisa… ni Erwin?

— Ni yeye, Bi Trude.

— Na anayecheka mwishoni?

— Naye ni yeye. Meno ya bandia yalimponyoka, akashindwa kujizuia.

Kikohozi akavua kofia. Mama wa watu akatabasamu kidogo.

— Nyumbani hakuimba. Alikuwa akisema amechoka, atawaimbia nyinyi kesho. Sina kanda yake hata moja. — Akaitazama simu mkononi mwa Otto. — Mkifuta sauti zenu, ya kwake itabaki?

Otto aliushika ule mkono wa simu kama mtu aliyemshika njiwa asijue amrushe au amrudishe kizimbani. Upande wa pili wa waya mtu alikuwa akiita: haloo, haloo. Otto akauweka mkono ule mahali pake, polepole, kama anayemlaza mtoto.

Hapo Hilde akasema kahawa imekwisha, nasi sote tukainamia vikombe vitupu.

Lakini kwa kuwa wenzangu wa benchi lile wangali hai, niseme kweli: kahawa haikuwa imekwisha. Hilo nimelitia mimi. Vikombe vilikuwa vimejaa, na bado tuliviinamia.