Mwalimu wa Klachi na Mlima wa Hospitali

Mama tunayemsindikiza leo, ambaye wengi mlimwita Mwalimu wa Klachi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, kitinda mimba wa seremala na mshonaji. Alisoma shule ya msingi nyuma ya kiwanda cha matofali, kisha chuo cha ufundi. Alihitimu mwaka 1975, msichana pekee katika darasa la makanika.

Mwaka 1979 aliajiriwa na shule ya udereva, akafundisha miaka thelathini na minne. Magari ya otomatiki hakuyapenda. Alisema ukiendesha hayo, ndani kuna abiria tu, dereva hayupo.

Tarehe 3 Desemba 1983 alifunga ndoa na tarishi wa posta, mwanafunzi wake aliyefeli mtihani mara mbili. Baba alikuja kukiri kwamba mara ya pili alifeli makusudi. Walijaliwa binti na mwana, ndiye mimi ninayesema nanyi.

Binti alipata leseni mwaka 2012, ya otomatiki.

"Mama, kwa foleni hizi, nihangaike na klachi ya nini?"

"Basi usiseme mimi ndiye niliyekufundisha."

Neno hilo lilimchoma binti. Kwa miaka sita hakuingia tena katika pikapu ya mama yake.

Maradhi ya moyo yalimwanza mama mwaka 2016. Tarehe 9 Juni 2018, saa nne asubuhi, kifua kilimbana akianika nguo. Gari la wagonjwa lilikuwa mbali. Baba alikwisha kuacha kuendesha kwa sababu ya macho, na gari la binti lilikuwa gereji. Ilibaki pikapu ya klachi, na binti ndiye aliyeshika usukani.

Ilizima getini. Ikazima tena katikati ya barabara, lori nyuma yao likipiga honi.

"Klachi mpaka chini," mama alisema, jasho likimtiririka. "Iachie polepole. Ikianza kutetemeka, ongeza mafuta. Sasa!"

Wakaondoka. Kwenye mlima wa hospitali foleni ikasimama, nao wakasimama. Hapo ulimi wa mama ukagoma. Baadaye alitusimulia kwamba alisikia kila kitu: binti akimwita, pikapu ikirudi nyuma kidogo kidogo, watu wakipiga kelele. Alijua la kufanya, ila hakuweza kulitamka.

Kisha akasikia breki ya mkono ikivutwa. Pikapu ikatulia. Injini ikanguruma, breki ikaachiwa, gari likapanda.

Siku tatu baadaye alifumbua macho, akamwona binti kando ya kitanda.

"Nani alikufundisha breki ya mkono?"

"Wewe, mama. Nilikuwa nakuangalia tangu mdogo."

Mama alilia. Sisi watoto hatukuwahi kumwona akilia kabla ya siku hiyo.

Kwa kiharusi cha siku ile ya mlima, mguu wake wa kushoto haukupona sawasawa. Alimwomba binti amfundishe otomatiki. Siku ya kwanza mguu ule ulitafuta klachi, ukakuta breki, nusura wote wawili wagonge kioo. Aliendesha gari hilo miaka mitano, na hakuomba radhi kwa maneno yake ya zamani ila mara moja, jikoni, bila shahidi.

Moyo ulichoka tarehe 22 Agosti 2024, saa tisa alasiri. Baba alikuwa amemshika mkono. Binti alikuwa njiani akitokea kazini, hakumkuta.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu na kaka mmoja. Mungu ampe pumziko jema, nasi atupe moyo wa kustahimili.