Kabari ya Mnara

Kisiwa kizima cha Taveuni hakuna hospitali yenye madaktari wengi kama benchi la mbele ya duka la Ramrattan, na katika madaktari hao hakuna hata mmoja aliyemaliza darasa la nane. Alasiri ile walikuwa watatu, bakuli la yaqona, kinywaji cha mizizi, katikati, kifuu cha kunywea kikizunguka. Apakuki, ambaye benchi lilimwita Mnara kwa urefu wake, alikaa upande kama gunia lililopakiwa vibaya. Mgongo ulimtesa tangu mwaka jana. Na jioni hiyohiyo mdogo wake, Sakiusa, alikuwa anakuja kuchukua jibu: kama kaka mtu hawezi tena kuinama, shamba la marehemu baba yao apewe yeye.

Daktari wa mjini alishampima. Mguu wa kushoto mfupi kwa sentimita moja na nusu, nyonga imelala upande huo, uti wa mgongo nao umejipinda ili kichwa kisimame wima. Akampa kabari ya kuweka chini ya kisigino cha kushoto. Miezi mitatu sasa, na Mnara bado huamka kwa kushika ukuta.

— Daktari kakosea, alisema Isikeli, Profesa wa benchi kwa sababu ya miwani. — Wa kushoto hauna neno. Wa kulia ndio umerefuka. Miaka thelathini unalima mlimani, wa kulia uko upande wa bondeni unajinyoosha. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kwa hiyo?

— Geuka. Lima ukitazama upande wa pili.

Mnara alianza kuhesabu miaka thelathini mingine. Nanga, beki mstaafu wa raga, akamkatiza: mguu mfupi dawa yake kuvutwa. Ufungwe kwenye goli, wanaume wanne washike kamba.

— Samaki mkunje angali mbichi, alimalizia.

— Huyu ana hamsini na mbili, Nanga, alisema Profesa. — Huyu samaki wa kopo.

Nanga hakurudi nyuma. Alimjua winga mmoja aliyevutwa hivyo mguu ukaupita mwenzake, wakamvuta na wa pili, na mpaka leo hapiti mlangoni bila kuinama. Mnara, Mungu amsamehe, akauliza kamba inauzwa wapi.

Hapo akatoka dukani nesi mgeni wa zahanati, Losalini, mkate kwapani.

— Shikamoo, mjomba. Hiyo kabari iko kwenye kiatu gani?

— Cheusi, cha ngozi, alijibu Mnara kwa fahari.

— Unakivaa lini?

— Jumapili, kanisani.

— Mnaingia na viatu?

— Tunavua mlangoni, binti. Wewe umelelewa wapi?

— Na kutoka kwako hadi kanisani?

— Nyumba ya pili.

— Shambani je?

— Peku, kama baba.

Losalini alihamisha mkate kwapa la pili.

— Sasa huo mgongo upone saa ngapi?

Profesa alichungulia bakuli kana kwamba jibu limezama humo. Nanga akapiga makofi ya kupokea kifuu ambacho hakuna aliyempa.

Sakiusa alipofika, kaka yake alishakwenda nyumbani na kurudi na kabari, na sasa alikuwa amesimama kwa Ramrattan ndani ya buti mpya za mpira za shambani, kabari chini ya kisigino cha kushoto, akipimapima uzito wake kushoto na kulia.

— Kaka, jibu?

— Njoo uniulize hizi zikichakaa.