Kitabu Kilichoazimwa Miaka Kumi na Saba

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mkutubi wetu. Alifariki Alhamisi iliyopita, miezi michache kabla ya kustaafu. Wengi wenu mlimwita Bi Muhuri, kwa sababu hapakuwa na kitabu kilichovuka meza yake bila kugongwa muhuri wa tarehe. Hatutamsifu kupita kiasi. Mwenyewe alimwagiza binti yake: "Semeni yote. Msinipambe, mimi si bibi harusi."

Basi tunasema yote.

Miaka kumi na saba iliyopita, sanduku la vitabu vikuukuu lililetwa maktabani kutoka nyumba ya mwalimu aliyefariki. Chini kabisa palikuwa na kitabu cha historia ya wilaya na nasaba za koo zake. Ilikuwa nakala moja tu. Narudia: nakala moja tu.

Bi Muhuri alikifungua akiwa amesimama. Alilitafuta jina la babu yake, akaliona, akatabasamu. Akafunua ukurasa wa pili, na tabasamu likakauka. Babu huyo, aliyesifiwa nyumbani kuwa karani mwadilifu, ndiye aliyewaandikia watawala wa kigeni orodha ya wanaume waliowaficha wapiganaji. Wanaume kumi na mmoja walichukuliwa, wasirudi. Mmoja wao alikuwa babu yake fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara.

"Mama alirudi amekikumbatia kitabu kama aliyebeba mtoto mgonjwa," anasimulia binti yake. "Nikamuuliza ana nini. Akaniambia, 'Nenda kalale.' Na ilikuwa saa kumi jioni!"

Angeweza kukichoma. Hakukichoma. Angeweza kukiiba. Bi Muhuri, aibe kitabu? Alikisajili, kisha akakiazima kwa jina lake mwenyewe. Kila baada ya siku kumi na nne aliongeza muda na kugonga muhuri. Alifanya hivyo miaka kumi na saba.

Fundi alikwisha kusikia habari za kitabu hicho kwa mjane wa mwalimu. Mama yake fundi alikuwa na swali moja maishani: baba yangu alizikwa wapi? Kwa hiyo kila Jumatatu, kabla hajafungua kibanda chake, fundi alipita maktabani.

"Shikamoo, Bi Muhuri. Kitabu changu kimerudi?"

"Marahaba. Hakijarudi."

"Huyo aliyekiazima anasoma au anakariri?"

"Anasoma polepole, mwanangu."

Fundi alicheka. Bi Muhuri hakucheka. Alikuwa amesema kweli. Fundi huyohuyo ndiye aliyemshonea nguo, na akimpima mabega alimtania: "Unapungua, mama. Kunani?" Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Miaka miwili iliyopita, mama yake fundi alifariki. Alifariki akiuliza. Bi Muhuri alikwenda msibani, akaketi na wanawake wenzake, akafungua kinywa atoe pole. Neno halikutoka.

Mwezi uliopita alilazwa hospitalini. Ndipo alipomtuma binti yake ampelekee fundi kitabu. Fundi alikisoma juu ya cherehani yake. Jina la babu yake lilikuwamo. Kaburi nalo lilitajwa: nyuma ya machimbo ya mawe, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Kisha akafika kwenye jalada la nyuma. Karatasi za tarehe zilikuwa zimegundishwa moja juu ya nyingine, nene kama kiganja. Mwazimaji alikuwa mmoja.

Alikwenda hospitalini na nguo za kazi, uzi ukining'inia begani.

"Kumbe msomaji ni wewe."

"Ni mimi."

"Mama yangu alikuwa ng'ambo ya barabara tu!"

"Najua, mwanangu. Nilimwonea haya babu yangu."

"Babu yako aliandika siku moja. Wewe umegonga muhuri miaka kumi na saba."

Siku tatu baadaye Bi Muhuri alifariki.

Tulimuuliza fundi kama amemsamehe. "Bado," alisema. "Nikishafika machimboni, niulizeni tena." Mazikoni alikuja, akasimama nyuma ya watu wote. Na Jumatatu hii amekirudisha kitabu maktabani. "Wengine kumi nao wana wajukuu," alimwambia mkutubi mpya. Muhuri ukagongwa.

Wasikilizaji wapendwa, yafungueni masanduku ya wazee wenu. Mkikuta humo jambo la mtu, mpelekeeni angali hai.

Tunaipa pole familia ya marehemu. Na binti yake ametuomba tulifikishe neno moja, kwa niaba ya mama yake, katika nyumba ya fundi cherehani. Neno lenyewe ni pole.