Mwalimu Kivuva na Mwezi wa Nyuma ya Kilima

Bwana D.O., Chifu wetu Kilonzo, mwalimu mkuu Bi. Kasyoka, Maalim Abdow, mchungaji, walimu, wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mnaochungulia sufuria za pilau huko nyuma: hamjambo? Mwi aseo? Wacheni kucheka. Kikamba changu nimejifunza nikiwauzia sukari, na sukari mnanunua.

Mimi ni Ebla, mke wa Shire mfanyabiashara wa ng'ombe, mama yake Ubah wa kidato cha nne. Wazazi wamenituma nimuage Mwalimu Kivuva, ambaye amefundisha fizikia hapa Nuu mpaka kustaafu, na sasa anarudi kwao, mjini Wote. Nimeambiwa niseme maneno machache. Walionituma wananijua, kwa hivyo wajilaumu wenyewe.

Mnakumbuka shule yetu ilipopewa kompyuta na darubini na wageni? Wengi tulidhani kompyuta ni mashine ya kupiga chapa. Mwalimu akaweka ndani yake programu ya anga. Unaiambia uko wapi, tarehe gani na saa ngapi, nayo inakuchorea mbingu ya saa hiyo, halafu inakwambia: geuza darubini upande huu, inua kiasi hiki, utaipata sayari unayoitaka. Jina la Nuu halikuwemo, basi akachagua Nairobi, akasema si mbali sana. Chini ya darubini akaweka duara la mbao lenye alama za digrii, na klabu ya sayansi ikaanza kuona pete za Zohali. Ubah alinieleza hizo pete hadi chai ikapoa.

Basi maneno yakatoka. Huko sokoni watu wakasema Mwalimu anafundisha watoto kupiga ramli. Mume wangu akasikia. Shire, usiangalie viatu, nakusema hapa vile nilikusema nyumbani. Alisema mtoto wake hakupelekwa shule kusoma nyota kama mganga, na akaamua Ubah aache masomo aende kwa shangazi yake Garissa. Nililia, nikagomba. Mwisho nikamwendea Maalim Abdow, naye akasema twende tujionee wenyewe.

Ramadhani ilikuwa inaisha. Mwalimu alituonyesha kwenye kompyuta jioni ambayo mwezi mwandamo ungeonekana, punde tu jua likizama. Shire akasema, "Nikiuona, Ubah atabaki. Nisipouona, Jumatatu anapanda basi."

Jioni hiyo tukaja sote, tende mkononi. Darubini ikawekwa hapa uwanjani, maana kompyuta ilitaka umeme na waya wa jenereta haukufika mbali. Mwalimu akasoma vipimo, akageuza, akainua kidogo sana, akachungulia. Akachungulia tena. Halafu akasimama wima akakitazama kile kilima.

Ndugu zangu, nani hapa hajui kwamba jua la shule hii huzama mapema kwa sababu ya kilima? Nguo za bweni hazikauki kwa sababu yake. Na hakuna hata mmoja wetu aliyekifikiria! Zohali ilikuwa juu, haikutusumbua. Mwezi mchanga hukaa chini, na kompyuta ilikuwa imetuchorea ardhi tambarare, kwa maana haijui Nuu ina kilima.

Mwalimu mmoja, simtaji, akamnong'oneza, "Kivuva, sema tu umeuona. Kompyuta haikosei, na msichana atabaki shule." Nilisikia, nilikuwa karibu. Na mimi mama, nilimwomba Mungu ili Mwalimu akubali kusema hivyo.

Mwalimu Kivuva akawageukia wazee. "Maalim, kwa hesabu ya kompyuta mwezi uko nyuma ya hicho kilima. Lakini mimi sijauona. Msile Idd kwa neno langu."

Nilikata tamaa. Tulirudi nyumbani, nikaanza kukunja nguo za Ubah. Kwenye taarifa ya habari ya usiku, redio ikatangaza kwamba mwezi umeonekana kwingine, kesho Idd. Kumbe mashine ilisema kweli! Nikamwendea Shire mbio, tayari kwa ugomvi mpya, naye akainua mkono.

"Mama Ubah, ngoja," akasema. "Yule mtu angenidanganya, ningemwamini, na hakuna ambaye angejua. Hakunidanganya. Rudisha hizo nguo kabatini."

Tangu siku hiyo, Mwalimu akawa anatoa vipimo kwenye kompyuta mapema, na darubini inapandishwa kilimani kwa punda wa Shire. Kwa punda huyo hatujawahi kuomba nauli.

Bwana D.O., walimu wanaojua kitabu ni wengi. Lakini ni wangapi wanaweza kusema "sijaona" mbele ya watu wanaongoja wasikie "nimeona"? Huyu aliweza, na sisi tulinufaika, na nampenda kwa hilo kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Wiki jana Ubah alifanya mtihani wake wa fizikia. Alipotoka nikamuuliza ulikuwaje. Akasema, "Mama, swali moja sikulijua. Nimeliacha wazi." Nikamwambia wenzako wote wameandika chochote tu! Akanijibu, "Mama, sasa niandike nini na sijui?" Mwalimu Kivuva, hakulitoa kwangu hilo, mimi ni mwenye duka. Hiyo ni kazi ya mikono yako, na alama zikipungua nitakufuata Wote.

Mungu akufikishe salama, Mwalimu. Na nyinyi nyote, asanteni sana kwa kunivumilia mpaka hapa.