Kivuko Kipo, Kimefifia Tu

Hebu niambie wewe unayesoma: kitu kikishafifia, kipo au hakipo?

Nauliza kwa sababu Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mguu anaokanyagia umevunjwa na gari kwenye kivuko kinachotazamana na kijiwe chetu. Dereva kasema hakuona kivuko chochote. Trafiki kaja, kainama, kaichungulia lami kama mtu aliyedondosha sindano, kisha kaamua: mistari imefifia mno, kwa hiyo hapa hapana kivuko, na huyu mama kavuka ovyo, ajitibu mwenyewe. Nikakimbilia ofisi ya barabara. Mhandisi hakuinua hata macho kwenye simu yake.

– Technically, kivuko kipo. Kimefifia tu. Hatuwezi kupaka rangi kitu ambacho kipo.

Nikarudi kijiweni natafuta mashahidi, nikakuta wanafalsafa. Kinyozi alishaweka kikombe chini, ishara kwamba hotuba inaanza.

– Profesa, hiyo ni fedi, ule mnyoo wa kufifisha nywele. Ukimkwangua mteja kichwa chote kwa mkupuo, atakutukana. Mpunguze kidogo kidogo, atakushukuru na kukuletea mdogo wake. Hawa wa barabara wametunyoa.

Profesa ndiyo mimi. Nina digrii na sina kazi, basi wanajifurahisha.

Fundi Redio alipinga. Kwake yeye kufifia ni betri: sauti inapungua, nawe unazidi kusogeza sikio, mpaka siku unajikuta umelikumbatia boksi lililokufa zamani. Hapo angalau alikuwa na akili. Baadaye akadai rangi haikufutika, imebebwa na matairi, na kwamba kivuko chetu chote sasa kiko uani kwa mkurugenzi wa halmashauri. Muuza kahawa akaapa kwamba ndiyo maana matuta ya barabara ya kule kwake yanang'aa hivyo.

– Jamani, Shangazi kalala na vyuma mguuni, nikawakatiza. Nani anakuja nami kituoni kusema kivuko kilikuwepo?

– Twende wote, Kinyozi akasema, tayari kasimama. Kilikuwa pale kwenye nguzo ya umeme.

– Nguzo gani, wewe? Kilikuwa kwenye duka la dawa, Fundi Redio akamjibu. Mimi navukia pale miaka yote.

Mimi nilikuwa na hakika ni kwenye mtaro. Tukatazamana. Kumbe kila mmoja anavuka kwa kumbukumbu yake, na trafiki angetucheka mpaka kofia imdondoke.

Ndipo akasimama mbele yetu dada mmoja, mgeni, kamshika mtoto mkono.

– Samahani kaka zangu, hapa watu wanavukia wapi?

Hakuna aliyenyoosha kidole. Kinyozi alikaa chini taratibu.

Sasa wewe Mhandisi, na wewe Trafiki, kaeni meza moja mtupe jibu moja. Kama kivuko kipo, dereva amtibu Shangazi. Kama hakipo, njooni na ndoo zenu za rangi leo hii hii, maana yule dada bado kasimama pembeni ya barabara, na mtoto ameanza kumvuta.