Mama Hebu na Betri Zilizovimba

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, mhandisi mkuu wa chumba chetu cha majaribio ya betri anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake rasmi lipo kwenye kitambulisho, lakini ukilitaja getini walinzi watakukodolea macho. Muulizie Mama Hebu, utasindikizwa mpaka mlangoni. Jina hilo alijipatia mwenyewe, maana hajawahi kukiona kifaa asiseme hebu tukifungue tuone.

Udadisi huo umetutia hasara ndogondogo. Birika la ofisi lilifunguliwa, likafungwa, zikabaki skrubu mbili ambazo hadi leo hazijulikani zilitoka wapi. Kiti cha mkurugenzi hakizunguki tena tangu alipotaka kujua kinazungukaje. Mumewe anasema nyumbani wanaficha pasi.

Lakini kisa atakachokumbukwa nacho ni cha betri za chumvi. Tuliungana na maabara mbili za ng'ambo kubuni betri isiyohitaji madini adimu, ya kuhifadhi umeme wa jua ili zahanati ziachane na jenereta za dizeli zinazoichafua hewa na kuzidisha joto la dunia. Kila maabara ilizijaribu betri zilezile. Kwa wenzetu zilifanya kazi vizuri kabisa. Kwetu zilivimba kama shavu lenye jino bovu. Zikaanza kuja barua za upole uliopitiliza, kisha kikaitishwa kikao cha mtandaoni kuamua kama tunafaa kubaki kwenye mradi.

Mama Hebu akatafuta chanzo, akakikuta ukutani: kiyoyozi kilichozimwa. Masharti ya mradi yalitaka chumba kikavu kilichofungwa, naye alikuwa amepiga marufuku kiyoyozi siku nyingi, kwa kuwa aliona aibu watu wa nishati safi kula umeme ovyo. Sisi tulifanya kazi madirisha wazi, tukitoka jasho kwa fahari. Wapo waliomsihi akae kimya, kiwashwe, majaribio yarudiwe, yaishe. Aliwasikiliza vizuri, halafu akasema anataka sana kujua wenzetu watasemaje.

Siku ya kikao aligeuza kamera waone mapazia yakipepea, akaeleza kwamba kosa ni lake peke yake. Tukajua ndiyo basi tena. Kisha mtaalamu mmoja wa kemia wa ng'ambo, mzee ambaye hakuwahi kutuonyesha jino hata siku moja, akauliza ni zahanati ngapi kati ya zitakazopewa betri hizo zina kiyoyozi. Hakuna hata moja. Mzee akaangua kicheko mpaka miwani ikamdondoka.

Unyevu wa hewa ulikuwa ukipenya kwenye mpira unaoziba mfuniko. Betri zingevimba vivyo hivyo zahanatini, na chanjo kwenye friji zingeharibika zote. Kikao cha kututimua kikageuka darasa. Wenzetu wakatengeneza mpira mpya, sisi tukaujaribu kwenye joto letu, na michoro ikaachwa wazi kwa yeyote anayetaka kuitumia. Yule mzee wa kemia alikuja mwenyewe, akafanya kazi wiki nzima mikono ya shati imekunjwa, akaondoka akisema “hebu” mara nyingi kuliko sisi.

Leo zipo zahanati zinazowasha taa na friji kwa betri hizo, na jenereta zimenyamaza. Jaribio la mpira mwingine mpya wa kuziba mfuniko, unaotarajiwa kudumu zaidi, bado linaendelea na halitaisha kabla ya Ijumaa. Mkurugenzi alimwomba Mama Hebu aongeze muda alimalize. Amekataa, akicheka. Anasema betri anazijua tayari. Anachotaka kujua sasa ni sisi tutafanya nini yeye akiwa hayupo.

Mama, hata sisi hatujui, na tunaogopa kidogo. Asante kwa kutuachia kazi hii mikononi. Nenda kapumzike na familia yako, uwe na afya na furaha tele, na pasi wakupe sasa uifungue.